Katoni Kumi na Tisa

Theluji bado imefika kizingiti cha dirisha
na Halvard ametandaza ramani mezani jikoni,
chupa ya haradali pembe hii, kisahani cha siagi pembe ile,
maana karatasi imekunjwa tangu enzi za babaye
na ukiiachia tu inataka kurudi usingizini.

Juni, anasema. Tutaondoka Juni.
Kidole chake kinatoka Grande Prairie, kinapita Dawson,
kinaingia barabara moja nyembamba kama uzi wa kifungo
inayopanda, inapanda, mpaka penye bahari ya barafu.
Kulia hakuna kitu. Kushoto hakuna kitu.
Hakuna-kitu hiyo imepakwa kijani
na ina mito isiyo na madaraja.

Safari ni hatua, husema watu.
Yetu ni katoni.
Figo za Halvard zilistaafu kabla yake;
sasa tumbo lake huoshwa kwa mifuko minne,
lita mbili mbili, katoni nzima kila siku.
Basi natoa vitu garini.
Kochi la kukunja, limetoka.
Cherehani yangu, imetoka.
Kikaango cha chuma cha mama mkwe, hicho nimekitoa kwa furaha.
Fimbo za kuvulia amezirudisha mara tatu,
nami nimezitoa mara nne.

Gari-nyumba lenyewe tuliuziwa na mjane wa mkulima wa ngano.
Ni rika la binti yetu, ila linakohoa zaidi,
na ndani bado linanuka tumbaku ya marehemu.
Matairi ya akiba mawili. Hapana, matatu:
changarawe ya kule ina meno.
Kilomita mia tatu na sabini bila tone la petroli.
Dawa ya mbu, ingawa Marivic, muuguzi wetu, anacheka:
mbu wa kule huinywa kama chai.

Maswali nayaandika nyuma ya risiti.
Maji ya mifuko yana sukari: dubu atanusa?
Mfuko hupashwa moto kwanza: jiko likizimika, niuatamie kama kuku?
Na ule wa usiku, unaokaa tumboni hadi asubuhi,
tutautundika saa ngapi
mahali ambapo jua halitui?
Usisafirie nyota ya mwenzio, yasema methali;
kule Juni hakuna nyota,
ya mwenzio wala ya kwako.

Nikapiga simu kivukoni, Mto Peel.
Akapokea mama mmoja, Bertha.
Kivuko kitaanza lini?
Barafu ikiondoka.
Itaondoka lini?
Kimya. Nikasikia kisu ubaoni, kinakata samaki au nyama.
"Mto haujatupigia simu," akasema.
"Ila wewe ongeza siku tatu."
Nikaongeza katoni tatu.

Jana ndipo nilipoliona daftari lake.
Ameorodhesha vizuri, mwandiko wa seremala:
siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane, baharini.
Katoni nane.
Chini yake ukurasa mweupe.
Na kurudi? nikamwuliza.
Akachungulia dirishani kama mtu aliyeitwa.
Penseli ilivunjika, alisema.

Sikumjibu. Nilichukua kalamu ya wino,
ile ya kujazia fomu za kodi, isiyofutika,
nikaandika ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja,
nikikandamiza mpaka meza ikapata kovu,
mpaka ya kumi na sita: nyumbani, kumwagilia nyanya.

Usiku huu tunafanya mazoezi.
Gari liko uani, theluji imemeza matairi,
hita inanguruma, mfuko unaning'inia kwenye ndoano ya taa.
Amekalia kiti cha dereva, mrija chini ya sweta,
mikono kwenye usukani, taa kubwa zimewaka
zinamulika mlango wa gereji.
Kata kushoto, namwambia.
Anakata.
Halafu anauliza, bila kugeuka,
kama fimbo moja tu, ile fupi,
haiwezi kulala chini ya kitanda.